Mvua haina povu

Nilimkuta jirani wa chini amechuchumaa mbele ya ukuta wetu, mwiko mkononi, karai la mota pembeni. Alikuwa anaziba matundu.

Vile vibomba vya plastiki vinavyochungulia upande wake, alikuwa anavijaza mota kimoja baada ya kingine na kusawazisha juu, kwa utulivu wa mtu anayepiga lipu sebuleni kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Namalizia hapa." Hakugeuka.

Nilirudi juu kwa mama bila kuongeza neno. Yule mzee ni rika la marehemu baba, na mtu wa umri ule hapayukiwi kutoka juu ya ukuta. Lakini tangu siku hiyo, kila wingu likijikusanya upande wa bahari, hata nikiwa kazini mjini, akili inakimbilia Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa mama.

Ukuta ule unashikilia nusu ya uwanja wa mama. Na maji yaliyo nyuma yake sasa hayakuwa na pa kutokea.

Uwanja wa turubai

Waliojenga Goba, Makongo Juu, Kimara au Mbezi ya ndani hawahitaji kuelezwa. Kiwanja cha mteremko kina bei nzuri siku ya kununua tu. Baada ya hapo unachonga upande wa juu, unajaza kifusi upande wa chini, kisha unainua ukuta ili kifusi kisimfuate jirani. Gharama ya ukuta huo haimo kwenye ramani wala kwenye makadirio ya fundi, na huwa inabisha hodi wakati hela yote imeshapanda kwenye paa.

Mama alikuwa na kipimo kimoja cha uwanja: turubai. Lazima lienee, na viti vyake, na njia ya kupitisha sufuria za pilau nyuma. Kabla hata msingi haujachimbwa aliniambia kuwa nyumba isiyo na pa kufunga turubai haina tofauti na ya kupanga, maana siku ya msiba utaenda kuomba uwanja wa watu.

Niliyaona maneno ya kizamani, mpaka tulipomzika baba. Siku za matanga nilisimama mlangoni nikaona wanaume wamekaa wanakunywa chai mahali ambapo zamani palikuwa hewa tupu. Chini yao kifusi, na nyuma ya kifusi ule ukuta. Nikaelewa mama alikuwa amenunua nini.

Na fundi aliyeujenga alifanya kazi ya heshima, kwa jinsi mitaa yetu inavyojengwa. Sehemu iliyo ndefu kuliko zote inafika kama mita 2. Msingi aliweka mawe ya Kunduchi, tofali za inchi 6 akazilaza, akatia nguzo za zege zenye nondo, na akakumbuka vibomba. Kule mlimani ziko kuta za kimo hichohicho ambazo tofali zake zimesimamishwa na hazina hata tundu moja. Zimepigwa lipu na rangi ya krimu, zinapendeza. Chini yake watoto wanacheza rede.

Hesabu ya nyuma ya ukuta

Usiku ule nilikaa na kikokotoo. Nilitaka kujua niogope kiasi gani.

Udongo wa kichanga ukiwa mkavu unasukuma pembeni kwa nguvu kama theluthi moja ya ile unayokandamiza nayo kwenda chini. Kwa ukuta wa mita 2, hiyo ni takribani tani 1.2 kwa kila mita moja unayotembea kando yake. Ukuta uliojengwa vizuri unaibeba.

Maji hayana theluthi. Yanasukuma pembeni sawasawa na yanavyosukuma chini. Nyuma ya ukuta huohuo pakijaa maji mpaka juu, ile tani 1.2 inakuwa kama tani 2.6. Hakuna aliyeongeza hata koleo moja la udongo.

Nilipofika hapo nilisimama, nikaenda kumwangalia mama. Alikuwa amelala.

Kuna hesabu nyingine ndani yake ambayo nadhani ndiyo inayowaangusha mafundi wengi wazuri. Sukumo linakua kwa mraba wa kimo. Ukuta wa mita 1 hausukumwi nusu ya ule wa mita 2, unasukumwa robo. Na nguvu ya kuupindua kutoka kwenye kitako chake ni sehemu moja tu ya nane. Ndiyo maana fundi anaweza kujenga ukuta wa mita 1 kienyeji, ukasimama miaka na miaka, akaamini ameshajua. Kwa mteja anayefuata anaongeza kozi tano za tofali kwa vipimo vilevile, na masika inayofuata ukuta umelala.

Mambo haya ni ya zamani. Charles-Augustin Coulomb, yule tuliyemkariri kwenye umeme, alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyetumia miaka kadhaa akijenga ngome kisiwani Martinique. Mwaka 1773 aliwasilisha Paris andiko lake lililoeleza, pamoja na mengine, jinsi udongo unavyosukuma kuta. Umeme ulikuja baadaye. Shuleni tulifundishwa wa umeme tu, halafu tukaenda kununua viwanja Goba.

Jumapili nikashuka kwa mzee, karatasi ya hesabu mfukoni.

Kwa mzee

Alinipa kiti cha plastiki na kikombe cha chai ya tangawizi. Nikamweleza tani zangu zote. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, akaikunja ile karatasi mara mbili na kunirudishia.

"Njoo," akasema.

Alinipeleka nyuma ya jiko lake, chini kabisa ya ukuta. Ilikuwa Septemba, vumbi barabarani linafika kwenye kifundo cha mguu. Pale nyuma ndala zilizama. Ukuta wa jiko lake ulikuwa na mstari wa unyevu unaofika magotini, chini ya mstari huo lipu imebanduka vipande, na ukungu wa kijani umeota pembeni ya karo la kufulia. Kuku walikuwa wanadonoa kitu kwenye tope ambacho sikutaka kukijua.

"Mwanangu, yangekuwa maji ya mvua nisingegusa ukuta wa watu. Mvua inanyesha, inakatika. Lakini mvua haina povu."

Nikanyamaza.

"Lilianza siku za matanga ya baba yako. Watu wengi, vyombo vingi, watu wanaoga. Nikaona povu linatoka kwenye vibomba. Ningeanzaje kumwambia mama yako siku zile? Baadaye nikaona aibu, muda umepita."

Sina hakika ningefanya tofauti na yeye. Kumwambia mjane kwamba maji ya msiba wa mumewe yanatiririka jikoni kwako, hayo maneno unayaanzia wapi?

Kisha akanigeuza bega nitazame juu. Hapo ndipo kitu kiligeuka kichwani mwangu. Ukiwa juu, uwanjani kwa mama, ukuta wetu ni mstari wa tofali unaofika magotini. Mama anaanika vitunguu juu yake. Miaka yote niliujua hivyo, kama kitu kifupi cha kukalia. Mita mbili zake anaishi nazo mzee. Yeye ndiye anayeuona mzima.

Na kutoka kule chini, kila mtu angeona kwamba umetoa tumbo.

Shimo

Maji ya bafuni na jikoni ya mama yanaingia kwenye shimo la kunyonyea lililoko nyuma ya nyumba, mita chache kutoka ukutani. Lilichimbwa pale kwa sababu pale udongo ulikuwa laini kuchimba. Ulikuwa laini kwa sababu ni kifusi.

Tulizoea kusema shimo "linanyonya." Halinyonyi kitu. Linaukabidhi udongo maji, na udongo unatafuta pa kuyapeleka. Chini ya kifusi chetu kuna sura ya zamani ya mlima, ardhi iliyoshindiliwa na karne za mvua, yenye mfinyanzi. Maji yakifika pale yanashindwa kuzama haraka, yanafuata mteremko wa zamani kana kwamba hakuna aliyewahi kujenga. Mteremko wa zamani unaishia ukutani.

Juu ya hilo kuna tangi la lita 5,000. Liko kwenye kona, karibu na ukingo, kwa kuwa ndiyo kona iliyobaki. Likijaa ni tani 5 za maji zimekaa juu ya bega la ukuta. Na kila mara mtu akisahau kuzima pampu, linafurika hapohapo.

Kwa hiyo ukuta wa mama ulikuwa na masika ya mwaka mzima.

Hili la maji ya mabomba ndilo lililonifanya niache kuhesabu mawingu. Hong Kong, Julai 23 mwaka 1994, ukuta mkongwe wa mawe uliporomoka kwenye makazi ya Kwun Lung Lau na kuua watu 5. Mvua ilikuwa kubwa, lakini uchunguzi ulikuta pia mabomba ya majitaka na ya maji ya mvua yaliyofukiwa nyuma yalikuwa yanavuja, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko ilivyodhaniwa. Mji ule umejengwa milimani na umezika watu wengi. Tangu mwaka 1977 una ofisi ya serikali ya kusimamia miteremko. Miteremko na kuta zipatazo 60,000 zimo kwenye daftari, kila moja ina namba yake, na mwenye nayo anatakiwa kuitunza, pamoja na kuhakikisha maji yanapita.

Ukuta wa mama haumo kwenye daftari la mtu yeyote. Mkaguzi pekee uliyewahi kuwa naye ni mzee wa chini.

Tumbo

Tulimleta fundi mwingine, Msambaa wa Lushoto, mtu aliyekulia mahali ambapo hata shamba la maharage unalikwea kwa mikono na magoti. Niliona jinsi alivyofika: hakuanza na ukuta, alianza na kuzunguka nyumba akiangalia maji yanatoka wapi. Kisha akaning'iniza timazi, uzi wenye kizito mwishoni, kutoka juu. Uzi ulipaswa kuachana na tofali kwa upana uleule kutoka juu hadi chini. Katikati tofali ziliusogelea uzi mpaka zikaugusa na kuusukuma nje.

Kwenye ufa mkubwa alipaka ukanda mwembamba wa saruji kuukatiza, na kwa msumari akaandika tarehe. "Huu ukikatika, ujue bado anatembea," alisema. Mafundi huuita ukuta "yeye" wanapoanza kuuogopa.

Kisha akaomba ruhusa ya mzee kuzibua vibomba. Mzee hakumwacha. Alichukua nyundo na kipande cha nondo akazibua mwenyewe, mota yake mwenyewe, sisi tumesimama.

Baadhi vilitoa maji ya kijivu papo hapo. Vingine havikutoa kitu. Fundi akaingiza waya, ukagonga kitu kigumu kilichokuwa mbali zaidi ya mota ya mzee.

"Hivi vilikufa zamani," akasema.

Nyuma ya vibomba hapakuwa na kokoto. Kifusi kiliegemezwa moja kwa moja kwenye ukuta, na mwaka baada ya mwaka maji yalibeba udongo mwembamba mpaka kwenye midomo ya vibomba yakaiziba. Tundu la ukuta lina kazi tu kama nyuma yake kuna kokoto safi za kuyapa maji nafasi, na kati ya kokoto na udongo kuna kitambaa cha kuchujia. Bila hivyo ni pambo. Nilikuwa nimekuja na kesi dhidi ya mtu aliyeziba matundu, na sehemu ya matundu hayo hayakuwa yakipitisha maji kabla hajanunua saruji.

Sikujua nifanye nini na ile hasira. Ilibaki tu, haina mwenyewe.

Wanaume watakaa wapi

Fundi alisema sehemu yenye tumbo haiponi. Kuipiga lipu ni kuificha. Kuiegemeza kwa nguzo za nje ni kumega ardhi ya mzee, ambaye ameshatoa vya kutosha. Kupanga viroba vya mchanga mbele yake kunasaidia kulala usingizi, halafu jua linavioza. Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, vile vinavyowekwa kwenye makaravati, ni vizito na vinapitisha maji vyenyewe, ila kwa kimo kile vinahitaji kitako cha zaidi ya mita 1.

Alichopendekeza, na mhandisi tuliyemlipa kuja kutazama akakubaliana naye, ni kubomoa sehemu ile wakati wa kiangazi na kujenga ngazi mbili: ukuta wa mita 1, kisha uwanja mdogo wa mita 2, kisha ukuta mwingine wa mita 1. Mita 2 katikati ili ukuta wa juu usiukalie wa chini. Hapo unarudi kwenye ile robo.

Mama alisikiliza, mikono kwenye khanga.

"Mita mbili? Hapo ndipo wanapokaa wanaume."

Nilikuwa na jibu, na nilikuwa na kikokotoo. Lakini nilitazama alipokuwa anatazama na nikaona viti vya siku ile. Kwenye hesabu zangu uwanja ni mzigo unaokaa juu ya udongo, kilo kadhaa kwa kila mita ya mraba. Kwa mama uwanja ni ahadi kwa watu watakaomzika. Sidhani hesabu yangu ni bora kuliko yake. Sidhani hata zinapimana.

Akauliza kama pale katikati panaweza kupandwa kitu. Fundi akataja vetiva, nyasi ambazo mizizi yake huzama wima hata mita 3. Mama akauliza kama mbuzi anakula. Hawazipendi sana. Akafikiri. Akauliza kama turubai linaweza kufungwa upande wa mbele, gari la mjomba likihamia barabarani.

Hakusema ndiyo. Ila siku iliyofuata nilimkuta mbele ya nyumba anahesabu hatua.

Tumekubaliana kubomoa baada ya masika. Hakuna anayefumua ukuta wakati vuli iko mlangoni, maana udongo uliokatwa wima na kuachwa wazi ukilowa unashuka hata bila kusukumwa. Kwa sasa tangi limehamishwa, shimo la zamani limefungwa na jipya limechimbwa kando kabisa, upande wenye ardhi ya asili. Nyufa za uwanjani zimefunikwa nailoni ngumu na matofali juu. Ule ukanda wenye tarehe haujakatika. Mzee ndiye anayeniambia. Ananipigia kila Ijumaa baada ya swala.

Yaende wapi

Lilibaki swali ambalo nashangaa hatukuanza nalo. Matundu yakifanya kazi, maji ya mvua yatatoka. Yatatokea kwa mzee. Ukuta unaojengwa vizuri ni ukuta unaomlowesha jirani, na miaka yote sisi tuliita hiyo kazi nzuri.

Lazima pawe na mtaro kwenye kitako cha ukuta, wa zege, wenye mteremko, unaoyapeleka maji barabarani. Mtaro huo unapita kwenye ardhi ya mzee, hakuna njia nyingine. Alitoa ukanda wake palepale, kwa mdomo. Mama akataka iandikwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee akachukia kidogo: "Karatasi ya nini, mama, mimi nilishika jembe siku ya kumzika mumeo." Mama akamjibu kwamba yeye na mzee hawana shida, shida ni watoto wao. Wakanitazama wote wawili.

Imeandikwa, imepigwa muhuri. Gharama yote ni ya mama, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Halafu mama wa nyumba ya ng'ambo ya barabara akaja, amefunga kitambaa kichwani, hana salamu ndefu. Amesikia tunachimba mtaro. Barabara ya mtaa wetu ni ya udongo, na katikati yake masika iliyopita imeshachora korongo la kuzamisha bajaji. Maji ya mzee sasa yatakuwa yake. Na kusema kweli maji hayo wala hayakuanzia kwetu: tukiwa na mvua, nyumba tatu za juu ya mama zinamwaga ya paa zao kwenye uwanja wake, na hakuna siku tuliyopanda kwenda kuwaambia.

Mwenyekiti ameitisha kikao cha mtaa, Jumamosi, kuchangia mtaro wa barabara mpaka bondeni. Wa juu wameshasema kwao ni kukavu, mchango wa nini. Mimi naona wa juu ndio wachange zaidi, na nitasema hivyo, ingawa nusu yao ni watu wa kanisa moja na mama. Yeye ameniagiza nisiende na tani zangu. Niende na bei ya saruji, na nikae nyuma ya mzee.